Upupu Usiowasha

Mwaka wangu wa kwanza Nachingwea sikufungua mizigo yote. Nguo za kazi nilizitoa, buti za mpira nikaziweka mlangoni, lakini mashuka mazuri aliyonipa mama yangu yalibaki sandukuni, kwa sababu nilikuwa na hakika sitakaa. Nilizaliwa Bukoba, nikasomea kilimo Morogoro, na katikati ya miaka ya tisini serikali ikanipanga huku kusini, kwenye kituo kidogo cha utafiti. Kufika tu ilikuwa kazi. Ulivuka Rufiji kwa pantoni, kama ilikuwa nzima, na masika yakishika barabara ilifungwa, ukawa umefungiwa upande huu pamoja na watu usiowajua.

Wenzangu kazini walijua namna ya kungoja. Jioni walicheza bao, walisikiliza redio, walizungumzia uhamisho kama watu wanavyozungumzia mvua. Mimi sikuweza. Nikikaa, mguu ulicheza wenyewe chini ya meza. Nilikuwa na pikipiki ya ofisi, na kila siku yenye petroli nilitafuta sababu ya kuipanda.

Kilichoninyima raha zaidi kilikuwa udongo. Kwetu Bukoba ardhi haiachwi uchi. Chini ya migomba kuna majani makavu, nyasi, maganda, na bibi yangu akiona mahali palipo wazi aliguna kana kwamba mtu amemwacha mtoto nje bila nguo. Huku nilikuta mashamba yanachomwa kila kiangazi. Kufikia Oktoba nchi ilikuwa nyeusi, imesimama mikorosho tu na kijani chake, halafu mvua ya kwanza ikaja kwa kishindo na kuondoka na jivu pamoja na udongo wa juu. Kilichobaki kilikuwa kigumu kama sakafu. Jembe liligonga, likaruka. Nilipita barabarani nikitazama mambo hayo na nikashindwa kunyamaza, hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza.

Kwa hiyo mkuu wa kituo aliponipa kazi ya kujaribu mazao ya kufunika udongo, niliipokea kama mtu aliyefunguliwa mlango. Kazi yenyewe inaeleweka upesi. Unapanda ndani ya mahindi mimea inayotambaa na kufunika ardhi. Inadondosha majani, mizizi yake inapasua chini, na ikifa inaacha chakula kwa zao linalofuata. Tulitaka kujua ni mchanganyiko upi ungefaa ardhi iliyochoka ya Nachingwea na Ruangwa. Tulikuwa na mbegu za marejea, yenye maua ya njano, fiwi, jamii ya maharage ambayo watu wanayala, mbaazi, ambazo kila nyumba ilikuwa nazo, na upupu. Si ule wa porini, unaowasha mpaka mtu akatamani kujichuna ngozi. Huu ulikuwa ndugu yake wa kufugwa, ganda lake laini, hauwashi hata kidogo. Lakini jina lilikuwa lile lile.

Mkuu wangu alikuwa mtu wa Mbeya, mpole, mpenda mistari iliyonyooka. "Vipande vyote vilingane," aliniambia. "Na usiguse kitu katikati ya jaribio. Ukigusa, hatutajua kipi kimeleta nini."

Nilikwenda Chunyu, upande wa Ruangwa, nikaitisha mkutano. Watu walisikiliza kwa adabu, wakaitikia, na nilipouliza nani atanipa kipande cha shamba kila mmoja akatazama pembeni. Kisha mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akasimama, akakaza kanga kiunoni.

"Shamba langu limechoka kuliko mimi," alisema. "Njoo ujaribu hapo. Haliwezi kuharibika zaidi."

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Alikuwa Mmwera wa umri wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye kuongea haraka, na kama mimi hakujua kukaa. Alipokea wageni huku akipepeta, alizungumza huku akipalilia. Nadhani ndiyo maana tulipatana. Aliniita bibi shamba. Mimi nilimwita mama, ingawa angetosha kuwa dada yangu mkubwa. Aliishi na mume wake, watoto wao, na mama yake mzazi, bibi mzee aliyezungumza Kimwera tu na Kiswahili cha salamu. Mume alikuwa mtu mwema asiye na kauli juu ya ardhi. Kwa desturi yao mwanamume huhamia kwa mkewe, na shamba ni la ukoo wa mke. Msemaji wa ukoo alikuwa mjomba, kaka wa yule bibi mzee, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya shamba, penye mikorosho michanga aliyoipanda kwa mikono yake. Bila yeye kusema ndiyo, hakuna mbegu ingeingia ardhini.

Tulimkuta barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta nini?"

Nilifungua mifuko mmoja mmoja. Kwa marejea alitikisa kichwa kukubali. Fiwi na mbaazi alisema anazijua tangu hajaota ndevu. Nilipofika kwenye upupu alisogeza kiti chake nyuma.

"Hapana."

"Mzee, huu hauwashi."

"Binti yangu, upupu ni kitu unachomwekea adui kitandani. Wewe umetoka kwenu, mbali kote huko, uje unipandie upupu kwenye shamba la marehemu mama yangu?"

Nilikuwa na maganda machache makavu mfukoni. Nikakunja mkono wa blauzi, nikajisugua nayo kuanzia kiwiko mpaka kiganjani, mbele yao wote. Tukangoja. Bibi mzee alisogea kuuangalia mkono wangu kwa karibu. Mjomba yeye alinitazama usoni, akitafuta dalili kwamba navumilia. Nikajisugua shingoni pia. Mama akaninyang'anya ganda, akajipaka shavuni, na hapo ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza.

"Haya," mjomba alisema mwishowe. "Lakini ukigusa mikorosho yangu, nauchoma. Na wewe nakurudisha kwenu kwa miguu."

Mvua za mwaka ule zilikuwa nzuri. Tulipanda mahindi kila mahali. Kipande kimoja tukakichanganyia marejea na mbaazi, kingine fiwi na mbaazi, kingine tukatia vyote pamoja na upupu, na kimoja tukakiacha kama ilivyozoeleka, kinalimwa hadi kiwe safi na masalia yanachomwa. Vile viwili vya kwanza vilikwenda kwa heshima. Kile chenye upupu kilichachamaa. Kila nilipokuja kilikuwa kimesogea. Mashina yalipanda juu ya mahindi, yakavuka njia ya miguu, yakaingia hadi kwenye choo cha mama na kutokea dirishani. Nilikuwa nikifika nazunguka mipakani kama mlinzi, nakata hapa, nasukuma pale, na nikirudi Nachingwea nilianza kuwaza umefika wapi.

Siku moja ya Ijumaa, mjomba akiwa ameenda msikitini, mama alinipokea njiani bila hata salamu.

"Umeparamia mikorosho."

Tulikimbia na mapanga. Ulikuwa umeshika miti mitatu au minne ya pembeni, umejizungusha kama kamba. Tulikata, tukavuta, tukakunja, tukajificha na mzigo wetu nyuma ya jiko tukihema. Mjomba aliporudi na kanzu yake nyeupe tulikuwa tumeketi tukichambua mboga kwa utulivu ambao hakuna kati yetu aliyekuwa nao. Alipita kwenye mikorosho. Akasimama. Akatazama juu, ambako kipande cha shina kilikuwa kinaning'inia na maua yake ya zambarau.

"Naona leo mmefanya usafi," alisema, akaingia ndani.

Hakuchoma kitu. Tulipomaliza mavuno nilileta kopo kubwa lililokatwa juu na chini, nikalididimiza kwenye kila kipande na kulijaza maji ili tuone ardhi inanywa kwa kasi gani. Kwenye kipande kitupu maji yalikaa. Tuliongea habari za bei ya korosho, tukamaliza, na maji bado yalikuwa yanatutazama. Kwenye kile cha mchanganyiko wote yalizama kabla sijainua macho. Mama alinifanya nirudie. Halafu akaenda kuwaita majirani, nikarudia tena. Hata mjomba alikuja, akachutama, akabonyeza udongo kwa kidole gumba. Kisha akaondoka na kiganja chake kimefumba donge la ule udongo mweusi.

Kiangazi kile mama hakuruhusu moto upite kwake. Mbegu za upupu zilijaa gunia, na tukazihifadhi darini kwake ili msimu ukianza zigawiwe kwa wakulima wengine.

Mwaka uliofuata mvua ilitudanganya. Ilinyesha Desemba vizuri, watu wakapanda, nasi tukapanda, pamoja na vipande vipya katika vijiji vingine; nusu ya gunia la upupu ikabaki darini. Kisha ikakatika. Januari ilipita na anga jeupe, bila wingu. Kwenye kipande kitupu mahindi yalikauka kuanzia chini. Kwenye vipande vilivyofunikwa yalijikunja mchana na kujikunjua jioni, siku baada ya siku, na mkuu wangu aliposikia alifurahi.

"Huu ndio mwaka wenyewe wa jaribio," alisema. "Nenda kila mara. Pima kila kitu."

Nilikwenda kila mara, lakini kwa namna nyingine. Chakula cha mwaka uliopita kilikuwa kimekwisha majumbani. Watu walichimba ming'oko porini, vile viazi mwitu vyembamba vinavyotaka shimo refu kwa kitu kidogo. Wanaume wengi walikwenda Namungo kuchimba dhahabu, na mume wa mama alikuwa miongoni mwao. Kisima cha bondeni kilikauka, ikabidi wanawake waende mpaka mto Mbwemkuru kuchimba mchangani. Asubuhi nzima iliishia kwenye ndoo moja. Nilipita katikati ya haya yote nikipima urefu wa mahindi.

Siku moja nilikuja na dumu la maji nimelifunga nyuma ya pikipiki, kwa ajili ya lile kopo. Bibi mzee alikuwa amekaa ukutani. Alilitazama dumu, akasema kitu kwa Kimwera. Nikamgeukia mama.

"Amesema nini?"

"Anauliza kama ardhi ina kiu kuliko sisi."

Nilifungua kamba, nikaliweka dumu mlangoni mwao. Siku hiyo sikupima chochote, wala siku zilizofuata. Nilimwandikia mkuu wangu kwamba kopo limetoboka.

Wiki chache baadaye nilifika mchana nikakuta moshi jikoni na harufu ya maharage. Nilishangaa, maana maharage hayakuwako kijiji kizima. Mama alifunua chungu. Ulikuwa upupu.

Si jambo la ajabu kwa watu wa huko. Miaka ya njaa wazee walikula hata ule wa porini. Lakini mbegu zake zina sumu, na kuna namna ya kuitoa, na mama aliijua, bibi mzee aliijua, na mimi niliijua, nilikuwa nimeisema mara kadhaa mikutanoni. Unachemsha, maji yanatoka meusi kama wino, unamwaga. Unamenya ngozi, unachemsha tena, unamwaga. Unarudia, na kurudia, mpaka maji yatoke meupe. Ule mchana hapakuwa na maji ya kurudia. Mama alimwaga ya kwanza huku roho inamuuma. Ya pili hakuweza kuyamwaga.

"Kula kidogo, bibi shamba," alisema. "Huna haja ya kuogopa, nimeuchemsha sana."

Nilikuwa na njaa. Siku hizo hata mshahara haukununua chakula ambacho hakikuwapo. Nikala. Ulikuwa mzito mdomoni, mchungu kwa mbali, lakini tumbo lilipokea. Mjomba alialikwa, akapewa sahani iliyojaa kama ilivyo heshima yake, akaongezwa. Bibi mzee alikula. Watoto walikuwa bado shuleni, na hilo nalishukuru mpaka leo.

Kilianza na mikono. Nilikuwa nimekaa nikiongea na mama, nikaona vidole vyangu vinacheza juu ya goti. Kisha moyo. Ulikwenda mbio kama nimepanda mlima, na mimi nimekaa kwenye mkeka. Nikasimama. Nilipokuwa nimesimama nikataka kutembea, nilipotembea nikataka kukimbia. Jua lilikuwa kali kupita kiasi, kila jani lina ukingo kama wembe. Nimesema mimi si mtu wa kutulia, lakini ile haikuwa hali yangu. Ilikuwa kama mtu mwingine amevaa mwili wangu na ana haraka. Nyuma yangu mama alikuwa anatapika. Bibi mzee alikuwa ameanza kuongea, maneno yanafuatana bila pumzi, akishika na kuachia nguzo ya baraza.

Ndipo tukasikia kelele shambani. Mjomba, ambaye kwa siku za kawaida alitembea polepole akitafuta pa kuweka fimbo, alikuwa ametupa kofia na kuchukua jembe. Alikuwa kwenye kile kipande cha mchanganyiko wote, analima. Analima kwa kasi ambayo kijana asingeiweza, analima mahindi, upupu, marejea, kila kitu, anarusha nyuma, na anazungumza kwa sauti kubwa na mtu ambaye hatukumwona. Majirani walikuwa wamekwisha kukusanyika pembeni.

"Amepagawa," mmoja alisema.

"Ni majini. Nilisema mimi, shamba hili lina watu wake."

"Ni upupu!" nilipiga kelele. Sauti yangu ilitoka nyembamba. "Sote tumekula. Nitazameni!" Nikainua mikono ili waone inavyotetemeka, na nadhani hilo liliwatisha zaidi.

Mama alifika akiwa anajifuta mdomo. Alisimama akamsikiliza mjomba wake, na machozi yakaanza kumtoka.

"Anaongea na nani?" nilimuuliza.

"Na mama yake. Bibi yetu aliyefariki." Alisikiliza tena. "Anamwambia, mama, njoo uone, jembe linaingia."

Na kweli lilikuwa linaingia. Mwezi wa ukame, ardhi yote ya pale imekaza, na chini ya yale majani jembe la mzee mgonjwa lilikuwa linazama mpaka kwenye mpini na kutoka na udongo wenye unyevu. Nililiona hilo huku moyo wangu unanigonga kwenye masikio. Wanaume wawili walimkamata mabegani. Aliwaburuta.

Mfanyabiashara mmoja wa korosho, mtu wa kuja kama mimi, alikuwa na pikapu yake kijijini. Alitupakia wote wanne nyuma na kutukimbiza zahanati. Tabibu aliuliza swali moja tu, tumekula nini, na nilipomjibu alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo za maji. Alitunywesha, akawatundikia dripu bibi mzee na mjomba, akaniambia nilale. Sikuweza kulala. Nilizunguka uwanja wa zahanati mpaka jua likashuka, na muuguzi akawa ananifuata nyuma.

"Dada, kaa kidogo."

"Nikikaa nakufa."

"Hufi. Kaa."

"Basi tembea na mimi," nilimwambia, naye akatembea na mimi.

Kesho yake mimi na mama tulikuwa wazima, tumechoka tu kama watu waliobeba mizigo safari ndefu. Mjomba alipata fahamu zake siku iliyofuata, akauliza kofia yake iko wapi. Bibi mzee alichelewa. Alirudi nyumbani, lakini kwa wiki kadhaa mikono yake haikuacha kufinyanga kitu ambacho hakikuwapo, na mama aliishika na kuiweka mapajani mwake huku akifanya kazi kwa mkono mwingine. Baadaye akapona.

Kijiji kiliitisha mkutano. Wengine walitaka shamba lote lichomwe, na mimi nisionekane tena. Nilikaa mbele nikitazama buti zangu. Mjomba aliomba kusema.

"Mimi sikulishwa kwa nguvu," alisema. "Nilikula kwa njaa, nikaongezwa, nikala. Huo upupu uondoke. Mwaka wa njaa hauwezi kukaa na kitu hicho darini ukasema usikiguse. Lakini vile vipande vingine mviache. Nani kati yenu amekula mbaazi akakimbia uchi?"

"Hukukimbia uchi, mjomba," mama alisema. "Ulivua kofia tu."

Kicheko kikapita, na mkutano ukalegea.

Siku ile ile tuliingia shambani, mama, mimi na majirani, tukang'oa upupu wote. Nilijua ninachofanya. Nilikuwa nagusa kitu katikati ya jaribio. Gunia la darini tulilizika. Kisha nikapanda pikipiki mpaka Nachingwea, nikasimama mbele ya meza ya mkuu wangu na matope yangu.

"Umeua jaribio," alisema.

"Lilikaribia kuua watu."

"Vipande vya vijiji vingine?"

"Navyo ving'olewe. Kama hutaki, mtume mtu mwingine akawaambie wavitunze."

Alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Nilidhani ananitafutia barua ya karipio. Mguu wangu ulikuwa unacheza.

"Udongo wa kile kipande ulikuwaje?" aliuliza.

"Mzuri. Mzuri kuliko vyote."

"Na upupu hautufai."

"Hautufai."

"Basi hayo nayo ni matokeo," alisema. Akavaa miwani. "Andika hivyo hivyo. Andika na habari ya maji yaliyokosekana."

Niliandika. Waliokuwa wakitusaidia kwa fedha hawakulipenda jaribio lililovunjika katikati, na baada ya msimu mwingine mradi ulifungwa. Kazini nilipangiwa mambo ya mihogo. Lakini Chunyu niliendelea kwenda, kwa petroli yangu mara nyingine, kwa sababu mama alikuwa ameanza jaribio lake mwenyewe ambalo halikuwa na mistari iliyonyooka. Alipanda fiwi mahali pa upupu, mbaazi katikati, marejea pembeni ambako panya walipita, akiamini inawafukuza. Fiwi haifuniki kwa nguvu kama upupu. Ilichukua misimu zaidi. Kulikuwa na mwaka mchwa walikula majani yote makavu yaliyolala chini, na mama akasema ameacha, hataki tena kuniona, halafu mvua ilipoanza nikamkuta anapanda fiwi. Polepole udongo uligeuka. Ukiuchimba baada ya mvua ulikuta nyungunyungu, na mama alikuwa akiniita mbio kunionyesha kana kwamba amewazaa yeye.

Majirani wachache walimfuata. Wengi walifuata ufuta. Miaka ya elfu mbili ilipoanza bei ya ufuta ilipanda, malori yakaja mpaka vijijini, na ufuta unataka shamba safi lisilo na kitu kinachotambaa. Moto ukarudi kwa nguvu. Sikuweza kuwalaumu watu ambao kwa mara ya kwanza walikuwa wanaezeka bati, lakini pia sikuweza kupita bila kugeuza shingo. Mume wa mama alirudi kutoka Namungo mikono mitupu, amejaa habari za mechi za mpira za huko, naye akataka ufuta. Walibishana msimu mzima. Mwishowe mama alimpa sehemu iliyokuwa chini ya fiwi mwaka uliotangulia, na ufuta wake ukasimama mrefu kuliko wa jirani yeyote. Mume alitembea akijisifu kwamba ana mkono wa ufuta. Mama alimwacha ajisifu.

Uhamisho wangu ulitoka nilipokuwa nimeacha kuuomba. Nilikuwa nimeutaka miaka yote ile, na ulipokuja nilikasirika siku mbili nzima, nikawajibu watu vibaya, kisha nikafunga mizigo. Nilipangiwa Tabora. Nilikwenda Chunyu kuaga.

Nilikuta ugomvi. Binti mkubwa wa mama alikuwa ameolewa, mume wake amehamia pale kama ilivyo desturi, na mjomba, ambaye sasa alikuwa mzee sana akisikia kwa sikio moja tu, alikuwa amewakatia nusu ya lile shamba letu. Mkwe alitaka kuichoma ile nusu apande ufuta.

"Bibi shamba amekuja mwenyewe," mama alisema. "Mwambie. Mwambie huyu."

"Mama, kwa heshima zote," kijana alisema, "hii nusu ni yetu. Nami nina familia inakuja."

"Ukichoma, moto wako utavuka kwangu!"

"Hautavuka. Nitakata njia ya moto katikati, pana, mpaka udongo uonekane."

Wote wakanigeukia. Mkewe, tumbo limetokeza, alikuwa ameegemea mlango akinitazama pia. Nilikuwa na maneno mengi, nilikuwa nimeyasema kwenye mikutano ya wilaya mbili kwa karibu miaka kumi. Gari la kunirudisha Nachingwea lilikuwa linakaribia kupita.

"Una panga la pili?" nilimuuliza mkwe.

Alinipa. Tulianza upande wa barabara tukielekea kwenye mikorosho, yeye kushoto, mimi kulia, tukifyeka fiwi na kusogeza majani makavu upande wa mama. Mama alisimama akitulaani kwa Kimwera kwa muda, kisha akaja na reki akayakusanya yale majani, akayabeba kwa mikono miwili na kuyalaza juu ya ardhi yake. Hatukumaliza. Honi ililia barabarani, mara moja, mara ya pili. Nilimrudishia kijana panga lake, nikamkumbatia mama akiwa na majani mikononi, nikakimbia.